Mtaa wa Sikukuu na Meza ya Jirani Mchina

Miongoni mwa mitaa ya Kariakoo umo mmoja uitwao Mtaa wa Sikukuu. Jina hilo latufaa sisi sote tunaotafuta riziki huko, maana Kariakoo haimalizi mwaka bila kuona sikukuu za kila namna. Desemba inapofika, ndugu zetu Wachagga hufunga maduka na mabasi ya Moshi hujaa. Ramadhani inapoandama, tende na tambi hujaa kwenye meza za kando ya barabara. Wahindi nao huwasha taa zao za Diwali kule Kisutu. Na kwa muda wa zaidi ya miaka 20 sasa tumeizoea sikukuu nyingine, inayokuja kati ya Januari na Februari pamoja na karatasi nyekundu zenye maandishi ya rangi ya dhahabu: Mwaka Mpya wa Kichina.

Sisi tunaoandika haya ni akina mama wanane wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Tunauza mabegi ya shule, viatu vya watoto, maua ya plastiki na vyombo vya jikoni. Mizigo yetu karibu yote imetoka China, na kwa miaka mingi tumepanda na kushuka ngazi zile zile pamoja na wafanyabiashara wa Kichina. Wenzetu wengi wametuuliza: Je, chakula chao kinalika? Sikukuu yao ni ya ibada ya mizimu? Mama Mkristo akialikwa mezani kwao aende au akatae? Maswali haya si ya mchezo, nasi tumeona vema kueleza tuliyoyaona na tuliyoyajifunza.

WACHINA SI WAGENI WA JANA

Wengine hudhani Wachina wameanza kuja nchini pamoja na mabegi na simu. La hasha! Ukienda kwenye magofu ya Kunduchi, hapa hapa Dar es Salaam, utaona makaburi ya kale yenye nguzo zilizopambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, akashangiliwa huko kama mnyama wa baraka.

Baada ya Uhuru uhusiano ulizidi. Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na wazee wetu wengi waliisikiliza. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, na sisi tuliovaa khanga na vitenge vyake hatuwezi kusahau. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia. Maelfu ya Wachina waliishi kambini porini, mbali na wake zao na watoto wao, wakilima mboga zao wenyewe.

Na tukitaja mboga, ni nyumba gani mjini isiyopika chainizi? Fungu moja la chainizi, nyanya, kitunguu na karanga za kusaga, watoto wamekula ugali wakashiba. Jina lenyewe latuambia ilikotoka. Basi tusiseme kwamba hatujawahi kula chakula cha Wachina.

KALENDA YAO NA MIFUKO YETU

Mwaka wa Kichina hufuata mwezi, kama ulivyo mwaka wa Kiislamu, lakini wao huongeza mwezi wa 13 mara saba katika kila miaka 19. Kwa sababu hiyo sikukuu yao haizunguki mwaka mzima kama Idi, bali huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Mwaka 2024 iliangukia Februari 10, na mwaka 2025 ikawa Januari 29. Mwaka 2026 iliangukia Februari 17. Kesho yake ikawa Jumatano ya Majivu, na Ramadhani nayo ikaandama wiki hiyo hiyo. Kila mwaka hupewa jina la mnyama mmoja katika wanyama 12: mwaka 2024 ulikuwa wa joka, 2025 wa nyoka, 2026 wa farasi.

Sikukuu hii inagusa mifuko yetu sisi tusiojua hata neno moja la Kichina. Viwanda vya huko hufungwa, na wafanyakazi kwa mamilioni hupanda treni na mabasi kurudi kwao vijijini. Wengine hawarudi kazini hadi wiki tatu au nne zimepita. Mzigo unaosafiri kwa meli nao huchukua mwezi mmoja au zaidi kufika bandarini kwetu. Hebu piga hesabu. Mama asiyetoa oda yake mapema, akingoja hadi Januari, hana nguo za Pasaka wala viatu vya Idi. Machi inapofika, bei Kariakoo imepanda na mteja analalamika. Ndiyo maana katika kikundi chetu tumeandika tarehe ya Mwaka Mpya wa Kichina ukutani, pamoja na tarehe za kufungua shule.

MADENI NA UFAGIO

Miaka michache iliyopita tulikuwa na jirani, mama wa Kichina wa makamo, aliyekuwa na duka la jumla ghorofa ya pili. Sisi tulichukua mzigo kwake tukauza rejareja chini. Alikuwa akitupa mali kauli: chukua leo, lipa ukiuza. Mwaka mzima alikuwa mpole, lakini ilipokaribia sikukuu yao alishuka na daftari mkononi, akamwendea kila mmoja wetu na kudai hadi senti ya mwisho. Wengine walinung'unika wakisema, "Huyu mama ana moyo wa jiwe. Januari watoto wanataka ada, naye anadai!"

Siku moja mmoja wetu alimwuliza kwa heshima, "Dada, kwa nini wadai kwa nguvu hivi mwezi huu?" Akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, kilichoeleweka vizuri, kwamba kwao si vema kuuvusha mwaka na deni. Mwenye kudaiwa alipe, na mwenye kudai akusanye, kisha wote waanze upya. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kulipa kodi ya stoo na madeni yake yote.

Akatueleza pia habari za usafi. Siku chache kabla ya sikukuu nyumba hufagiliwa kila pembe, vyombo huoshwa na vitu vilivyochakaa hutupwa. Lakini siku ya kwanza ya mwaka ufagio haushikwi kabisa, wasije wakafagia nje baraka zilizoingia. Mlangoni hubandika karatasi nyekundu zenye maneno ya heri. Mara nyingi utaona herufi moja ya baraka imebandikwa juu chini. Usidhani wamekosea. Katika lugha yao neno la "kugeuzwa" hutamkwa sawa na neno la "kufika", basi herufi ikigeuzwa husomeka kwamba baraka imefika.

Nasi tukakumbuka ya kwetu. Wenzetu wa Makunduchi, Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, hupigana kwa mabua ya migomba ili kumaliza magomvi ya mwaka, na huchoma kibanda cha makuti. Kila taifa limejua kwamba mtu hawezi kuingia mwaka mpya akiwa amebeba taka za mwaka jana.

MWALIKO WENYE MASWALI

Februari 9, mwaka 2024, siku ya Ijumaa, ilikuwa mkesha wa Mwaka Mpya wao. Wiki moja kabla yake jirani yetu alitualika sote wanane, waliolipa na waliobakiza deni, pamoja na akina mama wawili Waislamu wanaouza karibu nasi. Jioni ile tukakaa kikao, na maneno yakawa mengi.

Mmoja alisema, "Mimi siendi. Nimesikia wanawawekea wafu chakula. Nitakulaje kilichotolewa kwa mizimu?" Mwingine akasema, "Mizimu ni kitu gani? Hawa wamekuja kutunyang'anya biashara. Mume wangu alikuwa akienda mwenyewe Guangzhou kuchukua mzigo, akiuza kwa faida. Wao wakafungua duka hapa hapa, bei ikaanguka. Leo niende nikacheke nao mezani?" Huyu alisema kwa uchungu, na hakuna aliyemkemea, maana ilikuwa kweli na nyumbani kwake ada za watoto zilikuwa zimekwama.

Mama mkubwa wetu, mwenye wajukuu sita, alinyamaza muda mrefu. Mwisho akasema kwamba neno la kwanza lilikwisha kujibiwa zamani. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari hiyo hiyo, ya nyama iuzwayo sokoni na ya kualikwa na asiye wa imani yetu. Aliyealikwa na akipenda kwenda, na ale bila kuulizauliza. Lakini akiambiwa waziwazi kwamba hiki kimetolewa sadaka, basi aache, kwa ajili ya dhamiri. Kuhusu neno la pili alisema, "Mambo ya leseni ni ya serikali, tuyapeleke serikalini. Lakini jirani aliyekukaribisha ni wako."

Hatukulazimishana. Watano tulikwenda, watatu walibaki, wala upendo wetu haukupungua.

MEZANI

Jambo la kwanza tulimwuliza kwa adabu: je, kuna chakula kilichowekwa kwa wafu? Akacheka kidogo, akasema kwamba kijijini kwao wazee huweka bakuli na vikombe mbele ya picha za babu zao, lakini yeye hapa mjini hana picha wala meza hiyo. Chakula chote ni cha walio hai. Dhamiri zetu zikatulia.

Jambo la pili lilitugusa zaidi. Kwao nyama ya nguruwe ndiyo nyama ya sikukuu. Jirani yetu alijua kwamba miongoni mwetu wapo Waislamu, na kwamba hata baadhi ya Wakristo hawali kitimoto. Basi alinunua sufuria mpya na kifimbo kipya cha kusukumia, akapika vyote kwa nyama ya ng'ombe, mayai na chainizi. Akawaonyesha wale akina mama wawili sufuria ikiwa bado na karatasi ya dukani. Nyama alikuwa ameinunua kwenye bucha ya Mwislamu, mtaa ule ule. Ni wangapi kati yetu hufikiri hivyo tunapoalika watu nyumbani siku ya Krismasi?

Palikuwa na samaki mzima, changu mkubwa kutoka Feri, aliyepikwa kwa mvuke pamoja na tangawizi. Neno lao la samaki hutamkwa sawa na neno la "kubaki" au "ziada", kwa hiyo samaki hasimalizwe. Huachwa kidogo ili mwaka ujao nyumba ipate ziada. Palikuwa na tambi ndefu zisizokatwa, kwa kutakiana maisha marefu. Palikuwa na keki ya unga wa mchele unaonata, ambayo jina lake lafanana na neno la "kupanda juu mwaka hata mwaka". Na katikati palikuwa na jiaozi, vifuko vya unga vyenye nyama ndani, kama sambusa zilizochemshwa badala ya kukaangwa. Watu wa kaskazini mwa China huvikunja vifanane na vipande vya fedha vya zamani. Zamani akina mama walificha sarafu katika kifuko kimoja, na aliyeiuma alihesabiwa mwenye bahati.

Watoto wetu wawili tuliokwenda nao walipewa bahasha nyekundu zenye noti mpya. Bahasha hii hutolewa na wakubwa kwa wadogo, na fedha huwa za namba shufwa. Nne huepukwa, maana hutamkwa karibu sawa na neno la "kifo". Nane hupendwa kwa kuwa yakaribia neno la "kupata mali".

MTOTO ALIYE KWA BIBI

Tulipokuwa tukila, simu yake ililia. Kwao, saa zinatutangulia kwa tano, mwaka mpya ulikuwa umekwisha kuingia. Kwenye kioo cha simu alitokea binti wa miaka tisa hivi, amevaa koti jekundu, na nyuma yake bibi mwenye mvi. Mama yule alizungumza akitabasamu, akamwonyesha binti meza na sisi tulioizunguka, nasi tukampungia mkono. Simu ilipokatika alikwenda dirishani akakaa kimya. Kisha akasema kwamba alimwacha mtoto huyo akiwa na umri wa miaka miwili, na kwamba tangu hapo amekula naye chakula cha mkesha mara mbili tu.

Akina mama, meza nzima ilinyamaza. Kati yetu sisi watano, watatu wana watoto walio kwa bibi: mmoja Lushoto, mmoja Songea, mmoja Singida. Tuliwaacha ili tuje mjini kutafuta. Tunatuma fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi, na bibi ndiye anayejua jino gani limeng'oka na daftari gani limekwisha. Tulikuwa tumemwona jirani yule kama mtu wa fedha. Usiku ule tulimwona mama mwenzetu, tena mwenye kidonda kama chetu.

Mkesha huu huko China huitwa mlo wa kukutana tena. Mtu husafiri siku mbili au tatu ili awahi mlo mmoja, na asiyeweza kufika huwekewa nafasi katika mazungumzo. Tukajiuliza: je, sisi tuna mlo wa namna hiyo? Watatu wale tuliotajwa walikata shauri usiku ule ule. Desemba iliyofuata, kila mmoja alikwenda alikomwacha mtoto wake, hata kama duka litafungwa katika siku za mauzo mazuri. Walikwenda, na hasara ya mauzo waliiona. Lakini mmoja wao alirudi na mwanawe, naye sasa anasoma shule ya msingi hapa Ilala.

SIKU YA BINTI KURUDI KWAO

Liko jambo jingine litakalowafurahisha walioolewa. Siku ya kwanza ya mwaka ni ya upande wa mume, kuwaamkia wazazi wake. Siku ya pili, kwa desturi za sehemu nyingi, binti aliyeolewa hurudi kwao pamoja na mumewe na watoto, wakiwa na zawadi, na mkwe hula mezani kwa wakwe zake. Si suala la mke kuomba ruhusa na kusubiri jibu. Kalenda yenyewe imempa siku yake.

Mambo ya wakwe kwao pia ni mazito. Wengi mtakumbuka tamthilia ya Kichina iliyoonyeshwa TBC mwaka 2011 kwa sauti za Kiswahili, habari za bibi Mao Doudou na wakwe zake. Ilipendwa sana, hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake hapa Dar es Salaam mwezi Machi, 2013. Tulicheka kwa kuwa tulijiona. Mavyaa ni mavyaa, awe Beijing au Buguruni. Mume anayeona vigumu kumpeleka mkewe kwao na asikie habari za siku hii ya pili. Kumheshimu mama mkwe wako hakupunguzi heshima ya mama yako.

SIKUKUU ZAO NYINGINE

Siku ya 15 ya mwaka wao huwashwa taa za karatasi, na huliwa vidonge vya unga wa mchele vyenye utamu ndani, vikielea katika maji ya moto. Mama wa Pwani akiviona atasema, "Hivi si vipopoo?" Tofauti ni kwamba vyetu hupikwa kwa tui la nazi na iliki. Wao hupenda umbo la mviringo kwa kuwa ni ishara ya jamaa iliyokamilika.

Mwanzoni mwa Aprili, tarehe 4, 5 au 6, huja siku ya kusafisha makaburi. Hapa kwetu siku hiyo huadhimishwa Gongo la Mboto, kwenye makaburi ya Wachina waliokufa wakati wa ujenzi wa reli na katika kazi nyingine za msaada. Wamelala hapo karibu watu 70. Wachina wa ubalozini na wengine huenda kuweka maua. Akina mama wengi hupita kule kwenda Pugu bila kujua. Kila kaburi lile lina mama aliyemngoja mwana asirudi.

Siku ya 5 ya mwezi wao wa tano hushindanisha mitumbwi yenye vichwa vya majoka, na hula wali unaonata uliofungwa katika majani ya mwanzi na kuchemshwa. Siku ya 15 ya mwezi wa nane, yaani Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, mwezi ukiwa mpevu, jamaa hukaa nje wakautazama na kula keki nene za mviringo. Keki hizi hupelekwa kwa wazazi, walimu na majirani.

JARIBU NYUMBANI

Tumeupika mlo huu mara kadhaa kwa vitu vya sokoni Kariakoo, na watoto wameupenda.

Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, chumvi kidogo, ukande kwa maji ya baridi hadi uwe mgumu kuliko wa chapati. Funika nusu saa. Katakata mafungu mawili ya chainizi, utie chumvi, uache dakika kumi, kisha ukamue maji yote. Usipokamua, vifuko vitapasuka. Changanya na nusu kilo ya nyama ya kusaga, tangawizi iliyotwangwa, kitunguu majani, kijiko kikubwa cha sosi ya soya na kijiko cha mafuta. Sukuma viduara vyembamba vyenye upana wa mdomo wa kikombe, tia nyama katikati, kunja, bana kingo kwa vidole.

Chemsha maji mengi, tumbukiza, koroga polepole. Maji yakichemka mwaga kikombe kimoja cha maji baridi. Fanya hivyo mara tatu, na vikielea vimevimba, vimeiva. Kula kwa siki iliyotiwa kitunguu saumu.

Shauri letu kubwa ni hili: usivipike peke yako. Kwao nyumba nzima hukaa mezani ikikunja, baba, mama, watoto na bibi, na mazungumzo ya mwaka mzima hufanyika hapo. Mpe na baba watoto kifimbo asukume!

JIRANI NA RIZIKI

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba chakula kimemaliza ugomvi wa Kariakoo. Januari 2011 serikali iliwapa siku 30 wageni waliokuwa wakifanya biashara ndogo ndogo sokoni waondoke. Malalamiko yaliendelea, na Julai 2025 ikatangazwa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za jumla na rejareja. Wafanyabiashara wazalendo walikuwa wamelia muda mrefu, na kilio chao kilikuwa na haki. Mama mwenzetu ambaye mumewe aliangushwa na bei za wageni alishukuru, nasi tulishukuru pamoja naye.

Jirani yetu alifunga duka lake mwaka huo. Aliuza mzigo uliobaki, akalipa aliokuwa akidaiwa, na sisi tuliobaki na mali kauli tukamlipa yote kabla hajapanda ndege, ingawa hakuna ambaye angetufuata. Leo tunaagiza wenyewe kwa pamoja, kontena moja tukichangia na vikundi vingine. Faida imeongezeka kidogo, na wasiwasi nao umeongezeka, maana sasa hakuna wa kutukopesha mzigo ukichelewa. Binti yake, kwa habari tulizotumiwa, analala chumba kimoja na mama yake.

Mwaweza kushangilia haki ya nchi yenu na papo hapo mkamkumbuka kwa wema mtu aliyeondoka. Mambo haya mawili hukaa moyoni pamoja, wala moja halimfukuzi mwenzake.

Basi, mama mpendwa, kabla mwaka huu haujaisha, jiulize mambo matatu tuliyojifunza kwa jirani yule. Je, liko deni unaloweza kulilipa lisivuke mwaka? Je, yuko mtoto au mzazi ambaye hajala nawe mlo mmoja tangu muda mrefu? Na ukimwalika jirani asiye wa kabila wala dini yako, je, sufuria yako i tayari kwa ajili yake? Ukiweza kujibu hata moja, sikukuu yako imekwisha kuanza.